Kapu la Ijumaa

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimevaa koti la kazi asubuhi mpaka jioni, na saa sita hakuna aliyekuja kunivua.

Miaka yote hii mimi na wifi yangu tumegawana nafasi moja ya kazi pale kwa dobi: mimi asubuhi, yeye mchana. Koti moja, kabati moja, upande mmoja wa meza ya kukunjia mashuka. Saa sita natoka getini, yeye anafika kamshika binti yangu mkono. Tunakaa kwenye benchi la mlinzi, tunakula alichopika, tunamsengenya anayestahili, kisha navua koti, yeye analivaa likiwa bado lina joto langu. Mimi narudi nyumbani na mtoto, yeye anaingia kwenye mvuke. Mlinzi alizoea kusema sisi ni mtu mmoja anayekula mara mbili.

Sasa mvua zimeanza, na mvua zikianza hospitali na nyumba za wageni hazina pa kuanika, kila shuka chafu la mji linaletwa kwetu. Msimamizi, ambaye tunamwita Nyapara (mwenyewe anajua na hajali), ametangaza kwamba nusu siku zimekwisha. Kila nafasi mtu mmoja, siku nzima. Msimu huu wa mvua ni wa majaribio. Ukiuvuka salama, unathibitishwa. Alituambia tuamue wenyewe nani abaki. Wifi akasema, "Chukua wewe. Una mtoto, na paa lenu linavuja. Mimi nitamshika Kasuku." Kasuku ndiye binti yangu, ana miaka minne na mdomo wa watu wazima watatu. Wifi alisema bila kusita, nami sikumuuliza mara ya pili.

Nimerudi nimekuta chakula kimefunikwa. Miguu imevimba. Mume wangu anasema, "Sasa tutapumua." Yeye apumue. Mimi nalala.

Jumanne, 4 Machi

Mvua. Mashuka. Miguu.

Jumamosi, 8 Machi

Kukunja shuka ni kazi ya watu wawili, na mwenzangu ni mama mmoja tunayemwita Mama Pembe, kwa sababu pembe za shuka zisipolingana anakurudisha mwanzo hata kama dunia inaungua. Amekula chumvi nyingi pale ndani. Ananiambia, "Kadi ya matibabu nimepewa na kazi hii, na mgongo wa kwenda kutibiwa kwa hiyo kadi nimepewa na kazi hiihii. Hawa watu hawana choyo."

Amenifundisha mchezo wake. Tukisogeleana kuunganisha pembe, mimi nataja jema moja la kazi ya siku nzima. Tukiachana, yeye anataja baya. Anayekwama anakunja foronya za hospitali peke yake.

"Kadi ya matibabu," nikaanza.

"Ugonjwa wenyewe."

"Mkopo wa chama cha wafanyakazi."

"Kuulipa."

"Kabati langu peke yangu, na ufunguo wake."

"Ndani yake mna nini?"

"Mwavuli."

"Basi hilo hata si jema, ni nusu. Haya, langu: jua. Mara ya mwisho kuliona jua la saa nane mchana siku ya kazi, meno yangu yote yalikuwepo."

"Kuitwa mfanyakazi, si kibarua."

"Mjukuu wangu ananiamkia kwa adabu sana. Kama anavyomwamkia mwenye nyumba."

Hapo nilicheka mpaka pembe zikaniponyoka, na mema yakaniishia. Foronya zilikuwa nyingi mno.

Ijumaa, 14 Machi

Fundi wa paa amekuja leo, kwa mkopo wa chama. Jioni nimekuta bati jipya juu ya chumba chetu na mume wangu anapiga mluzi chini yake. Nimesimama tu nasikiliza mvua inavyogonga bila kuingia. Niseme kweli, nilitamani kulia kwa furaha. Miaka mingapi tumelala tukihamisha kitanda kama tunacheza drafti.

Chumba cha wifi kule uani nacho kinavuja. Mume wangu anasema cha dada yake kitafuata.

Jumatatu, 17 Machi

Nimesinzia na kijiko mkononi. Wifi amenitoa kijiko.

Alhamisi, 20 Machi

Jana usiku Kasuku alinifuata kitandani na habari zake. "Mama, shangazi ana mtu ndani ya mto wake."

"Mtu gani?"

"Ananukia. Shangazi akilala anamshika. Mimi pia nimemshika, lakini kidogo tu."

Nikasema haya, lala, kesho utanieleza vizuri. Leo asubuhi nimetoka bado amelala.

Ijumaa, 28 Machi

Leo nimepata haki yangu ya kwanza, kapu la Ijumaa. Kila mfanyakazi wa siku nzima anaruhusiwa kuleta kapu moja la nguo za nyumbani kwake. Wa nusu siku haruhusiwi, na miaka yote mimi na wifi tulikuwa tunawatazama wenzetu wakiingia na makapu yao kama maharusi. Kapu linaingia kwenye mashine ya mwisho ya siku, ile ya hospitali, maana ndiyo yenye nafasi. Maji yanachemka na dawa yake haina mswalie mtume. Ukitia humo nguo ya rangi, umeiaga. Lakini shuka lililokuwa la manjano linatoka jeupe, halafu unalipitisha kwenye pasi kubwa, unalikunja na Mama Pembe pembe kwa pembe, unaondoka nalo kichwani na watu wanaona.

Nimetandika kitanda chetu leo nikajiona mke wa waziri. Nimemwambia wifi, "Ijumaa ijayo nipe na zako."

"Ahsante," akasema. "Zangu nafua mwenyewe."

Sikumlazimisha. Lakini limenikera. Mtu unampa kwa mikono miwili, anapokea kwa kucha.

Jumapili, 6 Aprili

Siku yangu pekee ya kukaa nyumbani, na mtoto wangu ameitumia kukaa chumbani kwa shangazi yake. Nilipomwita aje nimsuke alikuja, akakaa kati ya magoti yangu, akaziba pua. "Mama, unanuka hospitali." Nimeoga mara mbili. Mimi mwenyewe sisikii kitu; dawa ile imeniua pua, siku hizi hata mchuzi naujua kwa kuutazama.

Akamaliza kusukwa akakimbilia uani. Nikawaona wawili hao mlangoni, wanachambua mchele, yule mdogo anaongea na yule mkubwa anacheka. Nikaona gere, na sioni haya kuandika. Nikawaza: mimi nasimama kutwa nzima mpaka miguu inakuwa ya mtu mwingine, wifi anakaa mlangoni na mwanga wote huu, mchana wote huu, na mwanangu. Mshahara wangu unamlisha, na bado ana uso wa mtu aliyenifanyia hisani.

Ijumaa, 11 Aprili

Kapu. Mvua. Wifi hakuleta zake.

Jumatano, 16 Aprili

Tumegombana. Nimerudi nimelowa mpaka mifupa, sikukuta chakula. Kasuku alikuwa na homa na kikohozi, amelala mapajani kwa wifi. Sikuuliza mtoto ana nini. Nilichouliza, na nakiandika kama kilivyotoka, ni, "Siku nzima uko hapa, unafanya nini?"

Wifi hakunyanyuka. "Nafanya kazi yako ya mchana na yangu ya asubuhi. Ila mimi sina wa kunithibitisha."

Mume wangu akajifanya anatafuta kitu chini ya kitanda. Nikapika mwenyewe, nikapika vibaya.

Alhamisi, 24 Aprili

Kikohozi hakijaisha. Nimemwomba Nyapara ruhusa ya kesho asubuhi nimpeleke mtoto zahanati. Nyapara hapigi kelele kamwe, na afadhali angepiga. "Nenda, mama," akasema polepole. "Hakuna wa kukuzuia. Ila unajua kwenye majaribio kila kitu naandika."

Wifi ndiye atakayempeleka. Amesema kabla sijamwomba. Tangu siku ile ya ugomvi tunasemeshana vizuri, tena vizuri kupita kiasi.

Ijumaa, 25 Aprili

Sijui nianzie wapi, basi naanzia asubuhi.

Wifi alimfunga Kasuku mgongoni, akamfunika kwa kanga mbili, akatoka naye kwenye mvua kwenda zahanati. Mimi nilikuwa nafunga kapu langu. Nikajiona mbaya. Nikasema moyoni, huyu mtu kanibebea mtoto kwenye mvua, na mimi nimemtolea maneno. Nitamlipa kwa kitu ninachokiweza. Nikaenda chumbani kwake. Paa lilikuwa linadondosha maji kwenye beseni. Nikatoa mashuka yake kitandani na foronya zote mbili. Moja ilikuwa na kitambaa ndani, nikakihisi kwa mkono, nikadhani ni gauni la kulalia. Nikatia vyote kapuni, nikakimbia, maana nilikuwa nimechelewa.

Mashine ya mwisho ya jioni ikavimeza. Vilipotoka, nikaona kumbe lile halikuwa gauni. Ni shati la kiume. Nilikuwa napiga pasi kola ndipo nikalitambua: la marehemu shemeji yangu, mume wa wifi, aliyefariki sasa ni masika ya pili. Lilikuwa la buluu, sasa limebaki na kumbukumbu ya buluu tu. Nikafurahi. Wallahi nilifurahi. Nikasema, kumbe amelitunza, basi ngoja alione linavyong'aa. Nikatia wanga kwenye kola. Nikashona kifungo kilicholegea. Mama Pembe alinishikia mikono ya shati nikalikunja kama la dukani.

Nilitangulia kufika uani, nikamtandikia kitanda, nikaliweka shati juu ya mto, katikati. Nikasubiri mlangoni, maana nilitaka kuuona uso wake.

Aliingia na Kasuku, wametoka duka la dawa; foleni ya zahanati ilikuwa imewaweka kutwa nzima. Akaona kitanda. Akaona shati. Akalishika taratibu, akalifungua lile kunjo langu zuri, akazika uso ndani akavuta pumzi. Akaligeuza, akanusa kwapani. Akageuza la ndani nje, akanusa kwenye kola. Kisha akakaa.

"Umenifulia," akasema.

"Na wanga nimetia," nikajibu. Mimi. Kwa mdomo wangu huu.

Kasuku akapanda kitandani, akakohoa, akasogeza pua yake kwenye shati. "Shangazi, bado yumo?"

"Hayumo, mama," wifi akamwambia. "Ametoka."

Hapo ndipo nilipoelewa, na nilielewa yote kwa pamoja. Shemeji alikuwa seremala. Alikuwa akiingia mahali unasikia vanishi kabla hujamsikia yeye, na jasho lake, na mbao. Lile ndilo shati alilovua siku aliyolala asiamke. Halikuwahi kuguswa na maji. Wifi alikuwa akilala nalo masika haya ya pili, na mwanangu wa miaka minne alijua, na alinieleza, nami nilimwambia kesho.

Hakulia. Angelia ningepata la kufanya. Aliuliza tu, "Nani alikwambia ulichukue?" kwa sauti ya mtu anayeuliza saa, kisha akampa Kasuku dawa yake kijiko kimoja, akafuta kijiko, akaniambia mtoto anywe tena asubuhi. Nikatoka. Sikusema samahani. Nilikosa pa kulianzia hilo neno.

Jumamosi, 26 Aprili

Nimekunja mashuka. Mama Pembe kaniuliza kama wifi alifurahi. Nimesema ndiyo.

Jumapili, 27 Aprili

Nimekwenda uani asubuhi nikakaa chini, kwenye sakafu yake yenye unyevu. "Wifi, nisamehe."

"Hukufanya kusudi," akasema. Alikuwa anachambua mchele na hakuacha. "Ungefanya kusudi ningejua la kukufanya. Hili ulilifanya kwa haraka."

"Ungeniambia, wifi. Ningelijuaje?"

"Nilitaka kukwambia. Jambo lile si la kusema umesimama. Zamani tulikuwa na ile saa yetu pale kwenye benchi, ningekwambia siku moja katikati ya maneno mengine. Sasa ukirudi unasinzia na kijiko mkononi, nikwambie saa ngapi? Asiyekuwapo na lake halipo. Na mimi ndiye niliyekwambia chukua wewe, kwa hiyo sina hata wa kumlaumu."

Nikalia, na yeye akaniacha nilie. Halafu akasema kwamba ndugu za marehemu wanamwita akakae kwao. Kuna chumba, ni mbali, hakutaka kwenda.

"Usiende," nikasema.

"Basi turudi nusu. Mwombe Nyapara. Asubuhi wewe, mchana mimi, kama tulivyokuwa. Akikubali, nakaa, na hili la shati tutalizika. Lakini nikikaa hivi hivi, wifi, mwisho wake mimi nitakuwa yaya wako na wewe bosi wangu, na hatutajua hata ilitokea siku gani."

Nikaapa kwamba wiki hii hii nitamwona Nyapara. Akanishika mkono, mara ya kwanza tangu Ijumaa. Mkono wake ulikuwa na vumbi la mchele.

Jumatatu, 28 Aprili

Nimemwambia mume wangu. Akatazama bati. "Dada atazoea," akasema. "Watu wanatafuta kazi ya kudumu kwa tochi, wewe unairudisha?"

"Ni dada yako."

"Ndiyo maana namjua. Atazoea."

Nikamwita asiye na moyo. Nilimwita hivyo kwa sauti kubwa, ili na mimi nisikie.

Jumanne, 29 Aprili

Sikumwona Nyapara. Alikuwa na wageni. Ningeweza kusubiri wageni waondoke.

Leo njiani nimejikuta nataja tena mema, peke yangu, bila shuka. Napenda ule ufunguo wa kabati. Napenda mwenye duka anavyonikopesha siku hizi bila kunitazama usoni. Napenda nikiingia asubuhi mlinzi haniulizi leo ni zamu ya nani. Napenda, Mungu anisamehe, kuwa mahali ambapo nikimaliza kitu kinabaki kimemalizika: shuka likikunjwa limekunjwa, halikohoi, halimwagi uji. Kazi hii inaniua miguu na naipenda. Hilo sijamwambia mtu yeyote, hata Mama Pembe, maana angecheka mpaka aanguke.

Jumatano, 30 Aprili

Nimekwenda. Nyapara alinipa kiti.

"Nadhani najua umekuja kwa lipi," akasema kabla sijafungua mdomo. "Mambo ya nyumbani."

Nikadhani Mama Pembe kahisi jambo, amemwaga maneno.

"Mvua zinapungua," akaendelea kwa ule upole wake. "Ukitaka nusu, halina shida. Kuanzia Jumatatu nakupangia asubuhi, wifi yako mchana. Ila utarudi kuwa kibarua. Kabati utanirudishia, kapu basi, na hilo la kuthibitishwa usahau. Nafasi yako ya siku nzima nitampa mwingine, wapo hapo nje. Unasemaje, mama?"

Ilikuwa ni kusema ndiyo tu. Neno lenyewe halina hata uzito. Nikatazama sakafu, maji yalikuwa yanachuruzika kutoka kwenye viatu vyangu yanafanya kidimbwi.

"Nilikuja kuomba mabuti ya mpira," nikasema. "Viatu hivi vinaingiza maji."

Akanitazama kidogo. Kisha akafungua stoo akanitolea mabuti mapya, meusi, ya saizi yangu, nikayavaa palepale.

Nyumbani nilimkuta wifi kasimama mlangoni pa chumba chake.

"Ulimwona?"

"Nilimwona."

"Amesemaje?"

Nilikuwa nimeliandaa njia nzima. "Amekataa."

Akanitazama usoni, akashuka mpaka kwenye mabuti, akarudi usoni. "Haya, wifi," akasema. "Kama amekataa, amekataa." Akaingia ndani akanipakulia chakula, na kilikuwa kizuri.

Alhamisi, 1 Mei

Sikukuu ya wafanyakazi duniani. Tumefanya kazi.

Jumapili, 11 Mei

Wifi ameondoka. Amesafisha chumba chake mpaka beseni la kukingia maji ameliosha. Kaka yake alimbebea sanduku mpaka stendi. Dada hakuzoea, kumbe. Kasuku alimng'ang'ania miguuni tukambandua kama stika. Mimi aliniambia, "Dawa ya kikohozi iko juu ya kabati. Asinywe na maji baridi."

Nikamwambia, "Wifi, utakuja kututembelea."

"Inshallah," akasema, kwa ile inshallah ya kumfungia mtu mlango taratibu.

Jumatano, 14 Mei

Kasuku sasa anashinda kwa jirani anayelea watoto wa watu kwa malipo. Wako wengi, wanakaa kwenye mkeka mmoja mbele ya televisheni. Jioni nikimchukua ananyoosha mikono bila kutazama ni nani aliyekuja.

Ijumaa, 23 Mei

Jua limetoka. Mama Pembe ameenda kwenye dirisha kuliangalia, akarudi akasema, "Bado lipo."

Sikupeleka kapu. Nimezifua zetu usiku, kwa mkono.

Ijumaa, 30 Mei

Nimethibitishwa. Nyapara ametuita mmoja mmoja, mimi wa tatu. Amenipa kadi ya matibabu yenye picha yangu, humo nimetoka nimekunja uso kama nimeshikwa na polisi. Akanipa mkono.

"Nitakwambia ukweli," akasema. "Siku ile ya mabuti nilijua nakupoteza. Wifi yako alikuwa ameshapita hapa jana yake asubuhi, na mwanao mgongoni. Aliuliza kama nusu mbili zinawezekana. Nikamwambia kwangu halina shida, mwenye nafasi akisema ndiyo tu, nimeshamaliza. Nikamwambia na wewe nitakueleza vivyo hivyo. Akanishukuru sana. Akasema atakuacha uamue mwenyewe. Mwanamke mwenye adabu yule."

Nikasema ndiyo, ana adabu. Nikarudi mezani. Mama Pembe alikuwa ameshika pembe mbili za shuka ananisubiri, nikashika zangu, tukasogeleana. "Taja jema," akasema, maana leo ni siku yangu. Nikamwonyesha kadi. Tulipoachana alitaja lake, sikulisikia.

Wifi alikuwa anajua. Aliposimama mlangoni akaniuliza amesemaje, alikuwa anajua alichosema Nyapara, neno kwa neno. Aliniuliza ili anipe nafasi ya kusema kweli, hata ile kweli mbaya, kwamba naitaka kazi hii kuliko ninavyomtaka yeye hapa. Nafikiri hiyo angeivumilia. Angeniita mroho, tungegombana, angebaki.

Jioni nimemuuliza Kasuku kama anakumbuka kwenda kazini kwangu na shangazi.

"Nakumbuka. Yule baba alinipa biskuti."

"Mbona hukuniambia?"

Alikuwa anavua viatu vyake mwenyewe, siku hizi hataki kuvuliwa. "Nilitaka kukwambia. Shangazi akasema niache, hiyo mama atasema mwenyewe."

Nikampangia viatu vyake mlangoni, nikaenda kupika.